Nyota Inanyesha

Jumapili, 20 Oktoba 1974

Mvua. Daftari hili la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nimelichomoa kwenye rafu ya duka letu bila kumwambia Hilali. Akiuliza nitasingizia panya. Mume wangu ni mtu mwema, simsengenyi, ila maneno yake kwa siku hayafiki ishirini, na nusu yake ni chumvi ya Uvinza imelowa au haijalowa. Mimi nimezaliwa Pangani, katika nyumba ambayo hata paka alikuwa na lake la kusema. Mtu wa namna yangu akinyamaza miezi mitatu huoza kwa ndani. Basi nitasema na karatasi.

Wakati wa posa hakuna aliyenitajia baridi ya Kasulu. Hakuna aliyenitajia kwamba watu watazungumza Kiha mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati. Na hili kubwa kuliko yote hakuna aliyelitaja, kwamba hapa hakuna mbingu. Baba yangu, Mzee Isihaka, ni mwadhini. Alinifundisha nyota kabla ya alifu na bee, maana saa yake ya alfajiri ilikuwa huko juu. Tangu nije nimeiona Kilimia, kile kishada cha nyota, mara moja tu, kisha wingu likafunga, na juu ya wingu hilo naamini kuna jingine.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Nimelia jikoni nikasingizia moshi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Hilali amemweka fundi wa cherehani barazani. Ni mkimbizi kutoka Burundi, Immakulata, amenizidi umri kidogo. Masista wa kwao ndio waliomfundisha kushona. Mrefu, mkimya, ana kovu kwenye kiwiko. Kiswahili chake ni cha kuokoteza sokoni. Nikamwambia, "Karibu, dada." Akajibu, "Amahoro, dada," kisha akashona mpaka jioni bila kuinua uso. Nikajisemea, Alhamdulillahi, sasa tuko makabati mawili.

Jumapili, 3 Novemba

Ya kabati nayafuta. Leo mvua ilitufungia barazani hakuna mteja. Immakulata akaonyesha nje kwa mkasi, akasema, "Imvura." Nikasema, "Mvua." Tukatazamana. Akashika tumbo, "Inzara." Njaa! Nyama ni inyama. Njia ni inzira. Maji ni amazi. Tulicheka mpaka Hilali akachungulia kujua kuna nini.

Nimegundua kanuni. Lugha yao ni Kiswahili kilichovaa i kichwani kama kofia. Mvue kofia, utamjua ni nani. Nimetenga kurasa za mwisho za daftari, kabla ya jedwali, niwe naandika maneno. Kwa siku moja nimepata kumi na moja. Baba angesema binti yake bado ana kichwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Mbele ya duka letu huuza ndizi mama mmoja Muha, Theodosia, watu humwita Mama Nestori. Lugha yake na ya Immakulata karibu ni moja, husikizana bila taabu. Simpendi. Nyumba yake ya zamani iling'olewa paa wakati wa operesheni ya vijiji, wakaambiwa wahamie Rungwe Mpya, naye hajahamia bado, amepanga chumba jirani yetu, na tangu hapo uso wake haujafunguka. Nisamehewe, lakini paa lake sikuling'oa mimi.

Leo alinisikia nikijisomea maneno yangu kwa sauti. Akaja na ndizi mkononi.

"Bi Zuleha, Kiha si Kiswahili kilichopotea njia."

"Mbona nayapata yote, Mama Nestori?"

"Umepata hayo uliyouliza. Maneno ni kama watu. Kufanana si undugu."

Wivu tu. Anaona nimempokonya mtu wa kuongea naye.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Sukari hakuna. Wateja wanasema muhogo unaozea ardhini.

Ijumaa, 15 Novemba

Leo Immakulata amenieleza, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono. Mumewe anaitwa Leonidasi, seremala. Mwaka wa sabini na mbili walikimbia pamoja. Usiku wa kuvuka mto Malagarasi watu walipiga kelele kwamba askari hao wanakuja, kila mtu akaokoa roho yake. Yeye akatokea upande huu. Leonidasi alitokea wapi, hajui.

"Mto ulitukata," alisema. "Mimi huku. Yeye..." Akafungua kiganja, hamna kitu.

Mwaka huu watu wa malori wamemwambia kwamba kwenye makazi ya wakimbizi Ulyankulu yuko Leonidasi mmoja, seremala, ana pengo la meno mawili mbele. Wake naye ana pengo. Nikamuuliza kwa nini hajaandika. Akasema hajui kuandika Kiswahili, na aliambiwa barua za kwenda huko lazima ziwe za Kiswahili.

"Mimi nangoja tu, dada. Nikifa hajaniona, nani atamwambia nilingoja?"

Nikakaa chini palepale nikamwandikia. Jina la duka letu nimeliandika kwa herufi kubwa, Kasulu nikaipigia mstari mara mbili. Immakulata akaishika bahasha kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Tangu nije huku, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza yenye maana. Naomba Mungu asiipoteze njiani.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Ameuliza barua imefika wapi. Nimemwambia Tabora. Sijui chochote.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemweleza habari za vimondo. Baba ana kitabu chake cha saa za swala, na pembeni ameandika kwamba kila mwaka, usiku wa tarehe kumi na tatu Desemba kuamkia kumi na nne, nyota huanguka kwa wingi kutoka upande wa zile mbili za Mapacha. Tangu nina miaka saba tulikuwa tunalala uani, mimi na yeye, tukihesabu. Husema kimondo ni moto wanaotupiwa mashetani wanaopanda kudukiza, yaani kusikiliza kwa kuiba, maneno ya mbinguni, maneno yasiyo yao.

Immakulata hakufuata hata nusu. Nikamwonyesha mawingu kwa kidole. "Nyota, dada. Mwezi ujao nitakuonyesha nyota."

"Inyota?" Akacheka, akashika koo. "Ah, dada. Nyota mimi ninayo!" Akainuka akaenda kwenye mtungi, akanywa kikombe kizima cha maji, akarudi kushona.

Nimeguswa sana. Mtu amepoteza nchi, amepoteza mume, anasema nyota anayo. Mimi mwenye mume na bati juu ya kichwa silali bila kulalamika. Nimeliandika kwenye kurasa za maneno: inyota, nyota. Ni la kumi na tisa.

Ijumaa, 29 Novemba

Barua kimya. Mvua. Ukungu umeshuka hadi mlangoni, saa nne asubuhi bado tumewasha taa.

Jumatatu, 2 Desemba

Immakulata ana homa. Ameshona mpaka saa nane, kisha akalaza kichwa juu ya cherehani kama mtu anayesikiliza kilicho ndani yake.

Alhamisi, 5 Desemba

Amepigwa sindano, amepewa vidonge. Nimemhamishia chumba chetu cha nyuma kati ya magunia ya chumvi, maana chumba alichopanga kinavuja. Hilali hakupinga, hata godoro amelibeba yeye.

Mama Nestori huja kila jioni na uji. Anakaa naye, wanazungumza Kiha, Immakulata anacheka kwa sauti ndogo. Mimi nasimama mlangoni. Nimekuwa kabati tena.

Jumapili, 8 Desemba

Nafuu. Amekula ndizi. Neno lake la kwanza asubuhi lilikuwa, "Barua?"

Jumanne, 10 Desemba

Homa imerudi na kutapika. Hilali amekwenda Kigoma kuleta mzigo. Njia ni tope tupu, sijui atarudi lini.

Alhamisi, 12 Desemba

Mama Nestori anaondoka leo. Kesho Rungwe Mpya wanagawa viwanja, na asiyekuwapo jina lake linafutwa. Alisimama mlangoni muda mrefu, hataki kwenda.

"Akitapika, liache tumbo lipumzike, usimlazimishe kitu. Akiomba maji, mpe. Kidogokidogo, lakini mpe."

"Mama Nestori, nitamnyima maji mimi?"

"Sikusema hivyo. Nimesema akiomba mpe."

Yaani ananifundisha hadi kumpa mgonjwa maji. Nilimjibu kwa adabu, ila shavu lilikuwa la moto.

Ijumaa, 13 Desemba

Jioni. Mvua tangu adhuhuri. Kesho ndiyo kumi na nne, na juu kumefungwa kama sufuria. Ametapika mara tatu: uji, chai, maji ya mchele. Anaongea peke yake kwa Kirundi. Kiswahili chote kimemtoka.

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika asubuhi. Nataka kuandika kabla sijasahau hata kimoja, ili siku moja nimsomee Leonidasi.

Baada ya Isha alitulia. Mtungi mdogo na kikombe niliviweka karibu na mlango. Mvua ikakatika. Kama saa tano nilitoka kumwaga maji machafu, nikainua uso, nikapiga kelele peke yangu. Mbingu ilikuwa wazi yote. Mwezi hakuna. Miezi mitano sijaona kitu, na sasa nyota zimejaa mpaka unaogopa kuzisogelea. Kilimia juu kabisa, na upande wa kaskazini Mapacha wanapanda. Sijafika mlangoni, kimondo cha kwanza kikapita juu ya paa la jikoni, cha manjano, taratibu, kama mtu anayepiga mstari wa chaki. Kisha viwili pamoja.

Nikasikia sauti ndani. "Inyota."

Nikakimbia. Macho yake yalikuwa wazi, yanang'aa kwenye taa. "Inyota," akasema tena. Nilijua ameviona dirishani. Nikamwambia, "Ndiyo, dada! Zimekuja! Si nilikuahidi?" Akanishika mkono wa gauni, akauvuta. "Inyota iranyishe."

Neno la pili sikuwa nalo kwenye kurasa zangu. Lakini nilimvua mtu kofia kama kawaida, nikamgeuza kidogo, nikamjua. Iranyishe. Inanyesha. Nyota inanyesha! Mimi binti wa mwadhini nimetazama vimondo tangu utoto, na sijapata kusema neno zuri kama hilo. Machozi yalinitoka. Niliona mtu anakaribia mauti, naye mdomoni ana shairi.

Nikambeba. Hakuwa na uzito, mifupa na joto tu. Nikamlaza mkekani uani, kichwa mapajani mwangu, nikamfunika blanketi la Hilali. Vilikuja kimoja baada ya kingine, vingine virefu mpaka nyuma ya boma, vingine kama kiberiti kilichokataa kuwaka. Nilihesabu thelathini na nne. Kila kikipita nilimwambia, "Kile pale!" Naye akasema, "Inyota iranyishe, dada. Inyota." Nikamjibu, "Inanyesha, dada. Inanyesha."

Maji ya mvua yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye bati, tone, tone, ndani ya karai. Yeye akawa anageuza uso upande huo, kwenye ukuta, ambako hakuna cha kutazama. Nikamgeuza kwa mkono wangu, polepole, atazame Mapacha. Akageuka tena. Nikamgeuza tena. Tulifanya hivyo mara nyingi. Midomo ilikuwa imekauka inapasuka, nikaipaka mafuta ya nazi niliyoletewa kutoka nyumbani.

Hakuomba maji hata mara moja.

Kama saa kumi sauti ikawa pumzi tu. Midomo ilikuwa bado inalifanya lile neno. Halafu akaacha kutazama popote, akanitazama mimi, kwa muda mrefu sana. Nilidhani ananishukuru. Kabla ya adhana alikuwa amekwenda.

Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Sina mtu tena hapa. Barua haikujibiwa. Nilichobaki nacho ni lile neno, na kwamba hakuondoka gizani.

Jumapili, 15 Desemba

Tumemzika jana jioni, katekista amesoma, mvua imetunyeshea wote. Mama Nestori amerudi leo amekuta udongo. Hakulia. Alikaa mkekani na akina mama wengine, nami nikawaeleza, maana wote walitaka kujua alikwendaje. Nikawaambia amefariki akitazama vimondo, na maneno yake ya mwisho yalikuwa nyota inanyesha. Mmoja akasema, "Mungu ni mkubwa." Wengine wakafuta macho.

Mama Nestori akaniuliza, "Alisema hivyo kwa Kiswahili?"

"Kwa lugha yenu. Lakini nilielewa."

"Alisemaje, kwa mdomo wake?"

"Inyota iranyishe."

Akina mama wote wakainua nyuso kunitazama. Mama Nestori alivuta kitenge akakifunga mdomoni, akatoka nje kwenye mvua. Baadaye akarudi, akaniinua kwa mkono, akaniambia nikalale. Nadhani anaumia kwamba mimi ndiye niliyekuwapo na si yeye. Namhurumia. Huo ni mwanzo mwema kati yetu.

Jumatano, 18 Desemba

Hilali amerudi kutoka Kigoma. Nilimwambia akiwa bado juu ya mzigo. Akashuka, akaenda barazani, akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Vifungo vyangu vyote alinishonea yeye," alisema. "Bila kuambiwa." Akajishika kifungo cha shati akalia. Miezi yote hii nilidhani hana maneno kwa sababu hana kitu ndani.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimemwandikia Baba. Nimemweleza usiku ule wote na neno la Immakulata. Mvua.

Jumapili, 22 Desemba

Leo mchana mtu alisimama barazani, tope hadi magotini, begani mfuko wa zana. Akalitazama cherehani lililofunikwa. Kisha akaegemea nguzo, akasema kwa uchovu, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Inyota iranyishe."

Nilitoka hadi nje nikatazama juu. Saa saba mchana, mawingu matupu. Nikamuuliza, "Unaziona wapi?"

"Nini, mama?"

"Nyota."

Akatabasamu kwa aibu, nikaona pengo la meno mawili. "Samahani, mama. Lori limenishusha Makere, nimetembea tangu jana, Kiswahili kimenikimbia. Nasema kiu. Kiu inaniua. Naomba maji."

Sikumpa. Nilirudi kinyumenyume mpaka mlango wa jikoni. Hilali ndiye aliyetoka na kikombe, mtu akanywa chote, akafuta mdomo, akasema anaitwa Leonidasi, alipata barua, amefuata herufi kubwa, yuko wapi mke wake?

Hilali alimshika bega, akamwambia kwa maneno matano. Mimi nilikuwa nimekaa chini jikoni. Nasikia mpaka sasa matone kwenye karai. Karai lilikuwa limejaa. Lilikuwa limejaa!

Jumatatu, 23 Desemba

Sikulala. Kabla hakujapambazuka nilikwenda kwa Mama Nestori. Alifungua mlango akanitazama, akajua.

"Ulijua siku ile ya matanga," nikasema. "Wote mlijua."

"Tulijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ili iweje, mwanangu? Yeye amekwisha kufa. Nikuue na wewe?" Hajapata kuniita mwanangu.

"Nyota mnaiitaje?"

"Inyenyeri."

Sikuwahi kumuuliza Immakulata. Nimemuuliza nyama na njia na jicho, na hilo moja ninalolipenda kuliko yote sikuuliza, maana niliona ninalo tayari. Nikamuuliza kama maji yangemponya. Mama Nestori alijifunga kitenge upya, jogoo akawika mara mbili.

"Alikuwa mgonjwa sana," akasema. "Labda asingepona."

"Labda."

"Labda, mwanangu. Zaidi ya hapo sina."

Akaniambia Leonidasi atauliza neno la mwisho, waume wote huuliza, nami nimwambie alimtaja jina. Si dhambi, alisema. Ni kama kumfunika maiti uso.

Alikuja saa tisa, akitoka kaburini. Alikuwa amemtengenezea msalaba kwa mbao za sanduku letu la sabuni, umeunganishwa vizuri bila msumari. Alikuwa anaondoka, kibali chake kinaisha Ijumaa. Nilimletea maji kwenye kile kikombe cha bati. Akanywa nusu, akakishikilia kwa mikono miwili.

"Mama, ulikuwa naye wewe. Alisema neno?"

Mama Nestori alikuwa amesimama palepale na ndizi zake. Akawahi kujibu yeye, kwa Kiha, haraka, na katikati nikasikia "Leonidasi". Uso wa yule mtu ulivunjika. Aliinama, mabega yakatikisika, na ilikuwa kama mzigo unamtoka. Kisha akaniinulia macho.

"Ni kweli, mama? Alinitaja?"

Ndiyo. Neno moja, nalijua kwa lugha zote mbili. Mama Nestori ananitazama, Hilali ananitazama kutoka ndani. Nilifungua mdomo kulisema. Lakini nilimwona Immakulata alivyonitazama saa kumi ile, na ile haikuwa shukrani. Usiku kucha alisema kweli na mimi nikamfanyia shairi. Sikuweza kumtungia la pili.

"Alikungoja kila siku," nikasema. "Hilo ni kweli, aliniambia nikwambie. Ila neno lake la mwisho ni lile ulilosema wewe jana hapa barazani. Inyota iranyishe. Alilisema usiku kucha. Kwetu sisi nyota ni zile za juu. Nilidhani anataka kuziona. Nilimbeba nje nikamwonyesha."

Alinitazama, hajaelewa. Midomo yake ikalipitia neno, polepole, kwa lugha hii kisha kwa ile. Niliona mahali alipofika.

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alikitazama kikombe mkononi mwake, akakiweka ukingoni mwa baraza kwa uangalifu, kikiwa na maji nusu, mtu aliyekuwa na safari ya kwenda Kibondo kwa miguu kutafuta lori. Akachukua mfuko wake.

"Asante kwa barua, mama," akasema, akashika njia.

Mama Nestori alinifuata ndani. Alikaa nami jikoni mpaka giza likaingia. Ndizi zake zilikuwa nje zinanyeshewa, hakuzijali.

Jumanne, 24 Desemba

Idd. Hilali amechinja. Sikuonja.

Jumatano, 1 Januari 1975

Mvua. Hilali amesema, "Ungesema ndiyo." Hakulirudia tena.

Jumatatu, 6 Januari

Usiku wa jana mbingu ilikuwa wazi, nimeona mwanga kwenye ufa wa dirisha. Nimevuta pazia. Nafikiri juu ya mashetani wa Baba, wanaopigwa moto kwa kudukiza maneno yasiyo yao. Zamani nilikuwa nahesabu nikishangilia.

Jumapili, 19 Januari

Barua ya Baba imefika. Anasema katika umri wake wote hajasikia neno kama la yule mwanamke wa Burundi. Amewasomea watu baada ya Isha, wote wakasema subhanallah, na vijana wa madrasa sasa wanalisema: nyota inanyesha. Anataka kujua kwao huko wanalitamkaje. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, sijui nimwandikie nini.

Kwenye kurasa za maneno nimekata la kumi na tisa. Nimeandika: inyota, kiu. Chini yake: inyenyeri, nyota. Jedwali la kuzidisha linafuata.

Kikombe bado kipo ukingoni mwa baraza. Hilali alitaka kukiosha nikamzuia, na Mama Nestori huwaambia wateja wasikiguse. Mvua ya leo imekijaza, sasa kinamwagika.